Sura ya Sita: Mstari Unaosema Posta

Kadi ikikatwa laki nne, mwenyewe hupiga simu benki kabla hajavaa viatu. Shilingi 2,678 hazimtoi mtu kitandani. Ndiyo maana mstari unaosomeka POST SERVICE, au POSTAL SVC, au kifupisho kingine cha jinsi hiyo, huweza kuonekana kwenye taarifa ya kadi mwezi wa kwanza, ukarudi wa pili, ukarudi wa tatu, na mwenye kadi akaupita bila kusimama. Posta ni jina la heshima. Nani ataituhumu posta?

Watanzania tuna sababu ya ziada ya kuvumilia makato madogo. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ilisoma ujumbe wa miamala yake kwa umakini ambao haujaonekana tena. Kelele zilipozidi, Septemba ya mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Benki nazo zina yao: ada ya huduma, kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mtu aliyekwisha kuona mistari mitatu ya makato kwa muamala mmoja hashtuki akiona wa nne, na mwizi wa kadi hahitaji zaidi ya hapo.

Dai la sura hii ni moja. Mstari wa namna hii usomwe kutoka kulia kwenda kushoto, kama wazee wa Pangani walivyosoma barua zao za hati ya Kiarabu. Anza na nchi, rudi kwenye mji, pima kiasi na saa, jina liwe la mwisho. Jina ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika mstari, na ndilo macho yetu hulikimbilia.

Udhaifu huo una asili yake. Kanuni za kimataifa za ujumbe wa kadi, ISO 8583, zilizochapishwa mwaka 1987, zilimtengea mfanyabiashara nafasi 40 tu, ambazo mara nyingi hugawanywa hivi: 25 za jina, 13 za mji, 2 za nchi. Jina refu hukatwa katikati, na vipande vinavyobaki havifanani na bango lililo mlangoni mwa duka. Wauzaji wa mtandaoni, badala ya mji, mara nyingi huweka namba ya simu au anwani ya tovuti yao. Tena jina lenyewe hujazwa pale muuzaji anapofungua akaunti ya kupokea malipo, na tapeli aliyefanikiwa kufungua akaunti hiyo huchagua jina ambalo halitaulizwa maswali. Herufi mbili za nchi hazichezewi kirahisi vile, kwa kuwa zinafuata mahali muuzaji aliposajiliwa.

Tuanze basi na herufi TZ, maana ndizo zinazowachanganya watu wa kwetu kuliko inavyotarajiwa. Nchini mwetu neno Posta si huduma tu, ni mahali. Aliyekwenda Dar es Salaam akashuka Posta Mpya au Posta ya Zamani, akatoa fedha kwenye mashine ya jirani au akala chakula cha mchana kwenye mgahawa wa mtaa ule, asishangae akirudi Tanga akakuta neno POSTA kwenye taarifa yake. Ni jina la kituo, na barua haihusiki. Kisha kuna benki. Tanzania Commercial Bank ya leo wengi waliikuta ikiitwa Benki ya Posta, na wapo wasiokubali kuiita kwa jina jingine. Kwa hiyo mstari wenye POSTA na TZ uanzie kwenye kalenda yako: siku ile ulikuwa wapi, na ulitoa fedha wapi?

Ikiwa jibu si mahali wala benki, linabaki Shirika la Posta lenyewe, lile lililoanza kazi kivyake mwaka 1994 baada ya shirika la pamoja la posta na simu kugawanywa. Ada ya mwaka ya sanduku la posta, barua ya rejista, kifurushi cha EMS: hivyo vyote ni vya kweli, na huenda aliyelipia ni karani wa ofisi yako au binti yako aliyetuma vyeti vya maombi ya kazi. Uliza nyumbani kwanza. Kadi moja ikitumiwa na watu watatu, kumbukumbu ya mwenye kadi peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Lakini kuna alama ya kwetu ambayo mtu wa London au Muscat hana, na naona haitumiwi ipasavyo. Malipo ya serikali na taasisi zake nchini hupitia kumbukumbu namba, ile ambayo kila mtu anaiita kontroli namba: tarakimu 12, zinazoanza na 99, zinazolipwa benki, kwa wakala au kwa simu. Mzigo wako kutoka ng'ambo ukifika Dar es Salaam ukakadiriwa ushuru wa forodha, Mamlaka ya Mapato itakupa namba hiyo. Utailipa Chumbageni, Tanga, kwenye tawi la benki au ukiwa umekaa barazani kwako, na jina la taasisi litajitokeza kwenye skrini kabla hujaweka namba yako ya siri. Kujaza namba za kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma kwenye ukurasa uliofunguka kutoka kwenye ujumbe wa simu si utaratibu wa ushuru wa nchi hii. Anayekuambia kwamba mzigo wako umezuiwa na forodha ya Tanzania kwa dola moja na senti ishirini amekuletea desturi ya nchi nyingine. Tena hata hiyo dola inamsaliti, kwani tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa na kudaiwa kwa fedha za kigeni.

Herufi zikiwa OM, AE, GB au US, hadithi inageuka. Pwani hii ina watu wake nje, na kadi nyingi zinazolisha nyumba za Tanga hazikutolewa Tanga. Tuseme mama yuko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, na mwanawe yuko Muscat. Kadi ni ya mwana, mama ana ya nyongeza. Mwisho wa mwezi mwana anapiga simu.

"Shikamoo mama. Kuna makato ya posta hapa, umenunua kitu?"

"Marahaba mwanangu. Posta? Mie posta sijakanyaga tangu baba yako yu hai."

"Imeandikwa OM mwishoni."

"Hiyo si huko kwenu? Basi muulize mkeo."

Mama amemaliza kazi kwa swali moja. Herufi mbili zimeuondoa mstari Tanga na kuurudisha Oman, ambako mke alikuwa ametuma cheti cha ndoa kikagongwe muhuri na akasahau kumwambia mumewe. Nusu ya makato yasiyojulikana ninayoyajua mimi huishia hivi, kwenye maongezi ya jikoni, na benki haihusiki kabisa.

Uingereza ina mtego wake, na huu ni wa halali. Shangazi wa Tanga akimtumia mpwa wake wa Leicester kanga na viungo, zawadi isiyozidi pauni 39 haidaiwi kodi ya ongezeko la thamani kule. Ikizidi, kodi inadaiwa, na Royal Mail huongeza ada yake ya kushughulikia, ambayo kwa miaka mingi imekuwa pauni 8. Mpwa atalipa kwa kadi, na mwezi ujao atakuta mstari ambao hauhusiani na chochote alichonunua, kwa sababu kweli hakununua kitu: amelipia kupokea. Nakumbusha hapa kile kikaratasi cha kijani kinachobandikwa kwenye kifurushi, CN22, ambacho wengi wetu hukijaza kwa haraka. Thamani unayoiandika Tanga ndiyo inayoweza kuamua atakachokatwa mtu Leicester.

Marekani kuna kato jingine linalowatisha watu bure. Ukihama nyumba ukabadili anwani yako kwenye tovuti ya posta yao, USPS, unakatwa kidogo zaidi ya dola moja ili kuthibitisha kwamba kadi na anwani ni za mtu mmoja. Ni kato la kweli na ni la mara moja. Lakini zimeota tovuti za watu binafsi zinazofanya kazi hiyohiyo kwa dola makumi, zenye majina na rangi za kukufanya udhani uko posta, na aliyezikuta kwanza kwenye utafutaji hulipa bila kujua. Huo si wizi wa kadi, maana mwenyewe alibonyeza kukubali, na ndiyo sababu kuzirudisha hizo fedha ni vigumu. Vivyo hivyo huduma za kuchapa stempu nyumbani, kama Stamps.com, ambayo ni kampuni binafsi: majaribio ni bure kwa wiki chache, kisha ada ya kila mwezi inaanza kutembea. Mwanafunzi aliyechapa stempu moja ya kutuma fomu zake anaweza kulipa ada hiyo mwaka mzima.

Sasa kiasi na saa. Taarifa ikitolewa kwa shilingi na muuzaji yuko nje, kiasi unachokiona kimepita kwenye mikono miwili: kiwango cha kubadili fedha cha siku ile, na asilimia ya benki yako juu yake. Kirudishe kinyume. Tuseme siku hiyo dola ilihesabiwa kwa shilingi 2,600. Zile 2,678 ukizigawa unapata 1.03, yaani dola moja kamili na asilimia tatu za benki. Dola moja kamili inatoa harufu ya majaribio. Posta hutoza kwa uzito na umbali, na hesabu zake huwa na senti zilizochongoka. Ni nadra bei ya kifurushi kuangukia namba kamili namna hiyo.

Saa nayo inadanganya, ila bila nia mbaya. Mifumo mingi ya kadi huandika saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mstari wa saa 21:40 wa tarehe 4 unaweza kuwa ununuzi uliofanyika Tanga usiku wa manane na dakika arobaini kupita, tarehe 5, wakati umelala. Au wakati kijana wako wa kidato cha sita yuko macho na simu yako. Tarehe ya muamala na tarehe ya kuingizwa kwenye hesabu pia hutofautiana, hasa wikiendi na sikukuu ikiangukia katikati. Mtu anaapa kwamba Jumatatu hakutumia kadi, na ni kweli, aliitumia Ijumaa.

Tukishavuka hayo yote na mstari bado hauna mwenyewe, tunaingia kwenye wizi, na wizi huu ni wa namna mbili zisizofanana.

Wa kwanza haukuhitaji msaada wako. Namba za kadi huvuja kutoka kwa wauzaji waliodukuliwa na kuuzwa kwa maelfu. Mnunuzi wake hajui zipi bado ziko hai, hivyo huzipitisha zote kwenye malipo madogo, dola moja, senti kadhaa, mahali ambapo kato dogo si ajabu. Huduma za posta zinafaa sana kwa kazi hiyo: bei za chini, wateja wengi, na hakuna anayekumbuka stempu aliyonunua wiki tatu zilizopita. Kadi inayopita jaribio hupanda bei. Mara nyingine fedha huzuiwa tu kwa muda na kurudi baada ya siku chache, na mwenye kadi hufurahi kwamba benki imesahihisha kosa. Hakuna kilichosahihishwa. Jaribio lilikuwa limekwisha kufaulu.

Wa pili uliukaribisha mwenyewe. Tanzania tulikuwa na ule wa kienyeji, "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao watoto wa shule ya msingi wanaufanyia mzaha. Huu mwingine umevaa vizuri zaidi. Mwaka 2021 Waingereza walipokea ujumbe wa simu kwa jina la Royal Mail ukidai ada ndogo, aghalabu pauni 2.99, ili kifurushi kiachiwe. Baadaye wakazi wa Ghuba wakaupata kwa majina ya Emirates Post na Oman Post, na Wamarekani kwa jina la USPS, ambayo yenyewe inasema haitumi ujumbe wenye kiungo kwa mtu ambaye hakuomba kufuatiliwa mzigo wake. Ada ile ndogo siyo faida ya tapeli. Anachotaka ni namba za kadi, na zaidi ya zote ile namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu yako. Isome ile meseji ya benki hadi mwisho kabla ya kuitumia. Kwa kawaida inataja kiasi na jina la anayelipwa, na mara nyingi kiasi hicho si 2.99.

Mtego huu unawanasa zaidi wanaosubiri mzigo kweli. Mwenye duka la simu Korogwe aliyeagiza vioo kutoka China hahoji kwa nini posta inamtafuta. Amekuwa akiitafuta yeye. Kwake kuna kipimo cha kalamu na karatasi. Mizigo ya posta inayofuatiliwa kimataifa hufuata utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, wenye makao yake Bern: herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili za nchi ilikotumwa. Mzigo uliotumwa kwa posta ya China huishia na CN, uliotumwa kutoka Tanzania huishia na TZ. Ujumbe unaokwambia mzigo wako wa China una namba inayoishia TZ umeshajikaanga.

Na tarakimu ya tisa haiwekwi ovyo, inakokotolewa kutokana na nane za mwanzo. Zizidishe hizo nane, kwa mpangilio wake, na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Jumlisha. Gawa kwa 11, chukua baki, na uliondoe kwenye 11. Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5. Kwa 12345678 jumla ni 204. 204 kwa 11 hubaki 6. 11 toa 6 ni 5. Kwa hiyo RR123456785TZ ni namba inayoweza kuwepo, na RR123456789TZ haiwezi. Tapeli mjuzi atakokotoa, sikatai. Wengi wao hubonyeza tarakimu zozote zinazokuja vidoleni. Namba ikipita kipimo, bado haijathibitika: iandike wewe mwenyewe kwenye tovuti ya posta husika, au ingia posta ya mtaani ukamwonyeshe karani. Kwa watu wa miji midogo kama Pangani na Muheza hii ni nafuu ambayo wakazi wa miji mikubwa hawanayo: karani ana sura, na foleni si ndefu.

Ukishaamua kwamba mstari ni wa wizi, funga kadi kwanza, malalamiko baadaye. Programu nyingi za benki zina kitufe cha kuifunga papo hapo. Kisha andika pingamizi la muamala, kwa maandishi, ukidai namba ya kumbukumbu ya pingamizi lako. Kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida huipa benki siku 120 za kuudai muamala urudishwe, na siku hizo huanza kuhesabika wewe ukiwa bado unadhani ni vimakato vya kawaida. Ukiona benki inakuzungusha, Benki Kuu ina dawati la kutatua malalamiko ya wateja, lakini litakuuliza kwanza ulipeleka lini lalamiko benki kwako na ulijibiwa nini. Ujumbe wa tapeli upeleke kwenye 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, uandike na namba iliyoutuma.

Hapa ile tofauti ya namna mbili za wizi inakuwa fedha taslimu. Kama kadi ilijaribiwa bila wewe kujua, na hakuna namba ya uthibitisho iliyotumika, madai yako yana miguu. Kama uliiweka ile namba kwenye ukurasa wa tapeli, benki itasema muamala uliidhinishwa na mwenye kadi, na mabishano yatakuwa marefu. Sema ukweli tangu mwanzo. Mfumo unaonyesha kama namba ilitumika, na mteja aliyeanza kwa kukana hupoteza hata lile ambalo angeweza kulipata.

Na kama mstari uligeuka kuwa usajili wa kila mwezi, wa stempu, wa kufuatilia mizigo au wa sanduku la kukodi ng'ambo, usitegemee kadi mpya ikuokoe. Visa na Mastercard zina huduma inayowapelekea wauzaji walioshiriki namba mpya ya kadi pale ya zamani inapobadilishwa, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Unapokea kadi mpya tawini, unachana ya zamani kwa mkasi, na tarehe ileile ya mwezi unaofuata mstari unarudi kwa jina lilelile. Usajili hufutwa kwa muuzaji, kwenye akaunti uliyoifungua kwake, kwa barua pepe uliyotumia siku ile. Itafute hiyo kwanza, kisha piga picha ya skrini pale ukurasa unapothibitisha kwamba umejitoa, na uitunze hadi taarifa mbili zinazofuata zipite bila mstari huo.